Mteja Anatutafuta kwa Neno Lipi?



Mwaka jana mama mmoja aliyehamia hapa Bukavu kutoka Goma alikuja kunisalimia shuleni, mtoto wa miezi 7 mgongoni. Katika mazungumzo akaniambia kwamba alikuwa ametafuta kwenye simu unga wa uji wa mtoto, hakuona kitu cha hapa kwetu, basi akanunua kopo la kutoka ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Nilinyamaza kidogo. Kikundi chetu kinasaga unga huo huo wa mahindi, soya na mtama, ule tunaouita masoso, tena mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwake. Na ukurasa wetu kwenye intaneti tulikuwa nao, wamama walichanga ili utengenezwe.

Nikamwomba anionyeshe alichoandika. Aliandika: "unga ya uji ya mtoto Bukavu". Kisha nikafungua ukurasa wetu. Ulianza hivi: "Bidhaa bora za lishe kwa maendeleo endelevu ya jamii." Neno uji halikuwamo. Neno mtoto halikuwamo. Hata jina la mji wetu halikuwamo. Tuliandika kama watu wanaoomba msaada kwa wafadhili, si kama wamama wanaouzia wamama wenzao unga.

Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko la Kadutu ni kweli, kwa sababu mteja anauona unga, anaugusa, anaunusa. Kwenye simu hakuna kunusa. Kizuri kisichotajwa kwa jina lake hakijiuzi.

Google inafanya kazi gani?

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza, programu zake zinatembea kutoka ukurasa hadi ukurasa zikisoma. Pili, inaandika katika orodha kubwa neno gani limo katika ukurasa gani, kama ile orodha ya maneno iliyo mwisho wa kitabu cha shule. Tatu, mtu akiuliza, inapanga majibu: ukurasa unaojibu swali lake vizuri unakaa juu, mwingine chini.

Page na Brin walileta wazo moja kubwa: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine, hasa zile zenye kuaminika, upewe uzito zaidi. Sisi wa likilimba tunalielewa jambo hilo. Mama mgeni akiletwa na mama anayejulikana, anapokelewa upesi. Leo Google inaangalia mambo mengine mengi, lakini kwa kikundi kidogo mawili yanatosha kuanzia: jibu kwa maneno ya anayeuliza, na uwe na watu wa kukushuhudia.

Jueni pia kwamba tunayoandikiana katika kikundi cha WhatsApp hayaonekani kwenye Google. Na bei iliyoandikwa ndani ya picha tu inaweza isisomwe vizuri. Iandikeni kwa maneno ya kawaida.

Pesa tuliyopoteza

Baada ya mazungumzo yale tulifanya kosa la pili. Kijana mmoja alituahidi nafasi ya kwanza kwenye Google kwa wiki moja, kwa dola 60. Tulitoa katika sanduku la kikundi. Alichofanya ni kurudia neno "unga" mara nyingi sana, mengine kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ili wasomaji wasione. Google inahesabu hila hiyo kuwa udanganyifu, na ukurasa wa namna hiyo unaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Hakuna mteja hata mmoja aliyepiga simu.

Kwa hiyo shikeni hili: hakuna mtu anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, Google yenyewe inasema hivyo. Nafasi katika majibu ya kawaida hainunuliwi. Kinacholipiwa ni matangazo, nayo yanawekewa alama ya kuonyesha kwamba ni matangazo. Dola 60 kwetu ni magunia ya mahindi, si maneno.

Tulichofanya wenyewe

Tulianza na maneno. Siku ya kupima uzito wa watoto tuliwauliza wamama: "Ukitafuta unga wa mtoto kwenye simu, unaandika nini?" Walisema "uji", "masoso", na wengine kwa Kifaransa "farine pour bouillie de bébé". Hakuna aliyesema "lishe endelevu". Tukabadilisha kichwa cha ukurasa kikawa: "Unga wa uji wa mtoto (masoso), Bukavu", kisha tukaandika maelezo kwa lugha zote mbili.

Pili, tulipunguza. Ukurasa wetu ulikuwa na sabuni, vikapu, ushonaji na unga, vyote pamoja. Anayesema kila kitu anashindana na dunia nzima. Anayesema juu ya unga mmoja katika mji mmoja anashindana na wachache. Tuliacha unga peke yake, tukaandika majibu ya maswali tunayoulizwa kila siku. Mtoto anaanza uji lini? Akitimiza miezi 6, na kunyonya kunaendelea. Kwa nini soya inachomwa kabla ya kusagwa? Kwa sababu soya mbichi inazuia mwili kuvunja chakula vizuri, na tumbo la mtoto linasumbuka. Unga unatunzwaje wakati wa mvua? Katika chombo kikavu chenye mfuniko. Hatukunakili mahali popote; ni mambo tunayoyafanya kwa mikono yetu.

Tatu, tulijiandikisha kwenye ramani ya Google, bila malipo: jina, mtaa, saa za kazi, simu na picha za unga. Hapo Google inaangalia mambo matatu: kama kazi yako inalingana na kinachotafutwa, kama uko karibu na anayetafuta, na kama unajulikana. Tuliwaomba wateja wa kweli waandike walivyouona unga wetu. Tulikataa kujiandikia sifa wenyewe.

Nne, tulipunguza ukubwa wa picha. Mteja wetu ana mega chache. Ukurasa ukichelewa kufunguka anaufunga. Google nayo inazingatia mwendo wa ukurasa kwenye simu.

Tano, tuliomba vikundi tunavyofanya navyo kazi wataje ukurasa wetu kwenye kurasa zao. Hatukulipa mtu.

Tahadhari moja, wamama. Tumeweka namba ya simu ya kikundi, si ya mama mmoja. Hatukuonyesha nyumba ya mtu, na picha ya mtoto haiwekwi bila ruhusa ya mzazi wake. Kama mnafanyia kazi nyumbani, Google inakubali mfiche anwani na kutaja tu eneo mnalohudumia.

Subira

Mwezi wa kwanza hakikutokea kitu. Wa pili pia, na mama mmoja akasema turudie vikapu. Google haikimbii, mabadiliko yanaweza kuchukua majuma, hata miezi. Mwezi wa nne simu ya kikundi ililia. Mama mmoja wa Uvira aliuliza kama tunaweza kumtumia kilo 5. Si utajiri. Lakini hakuna kati yetu aliyemjua, wala hatukuwahi kumtembezea bidhaa. Alitafuta kwa maneno yake, akatukuta tunamjibu.

Na yule mama wa Goma? Sasa ananunua kwetu. Kopo lile tupu ametia chumvi.

Kama mwalimu siachi darasa bila kazi ya nyumbani. Juma hili, kila kikundi kiulize wamama watano ambao si wanachama: "Kitu chetu ungekitafuta kwa neno gani?" Msiwafundishe jibu. Andikeni maneno yao kama walivyoyatamka, kisha mtazame kama yamo katika mstari wa kwanza wa ukurasa wenu, au wa tangazo lenu la ukutani. Kama hayamo, hapo ndipo pa kuanzia, na kazi hiyo haiombi hata franka moja.