Ukulele ya Pili: Nyuzi Nne, Sita au Nane?

Mshika mbili, moja humponyoka. Ndivyo walivyosema wahenga wetu, na anayetaka ala ya pili na hali ya kwanza hajaimaliza hana budi kuyapima maneno hayo kabla hajatia mkono mfukoni. Walakini, wahenga hao hao walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Basi msomaji mpenzi, tutaifuata methali ipi? Naona jawabu litategemea kazi tutakayoipa hiyo ala ya pili.

Jambo hili nimeletewa na mtoto wa ndugu yangu, kijana wa Mombasa anayesomesha shule ya msingi huko Machakos. Huyu kijana ana ukulele ndogo ya nyuzi nne, nayo huwaimbishia watoto darasani. Sasa amejiwekea akiba kidogo kidogo katika mshahara wake, anataka ya pili. Akaniuliza, "Ami, ninunue ya nyuzi ngapi? Wengine waniambia nne, wengine sita, na yuko aliyeniapia kuwa bila ya nane si ukulele." Shida yake ni kwamba watoto arubaini wakifungua vinywa, kile chombo chake husikika mpaka dawati la tatu, kisha basi. Fedha yenyewe ni ya mara moja. Akikosea, atangoje mwaka mwingine.

Kwa kuwa suali hili laweza kumkuta mzazi au mwalimu ye yote, nimeona tulijibu hapa mbele ya watu.

JINA NA ASILI

Kwanza tusichanganye maneno. Sisi tuna ukelele, ambao wingi wake ni kelele. Hii ni ukulele, na jina lake limetoka visiwa vya Hawaii katika bahari ya Pasifiki. Kwa lugha ya huko uku ni kiroboto, na lele ni kuruka. Basi ni kiroboto arukaye, na inasemekana ni kwa namna vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi.

Asili ya chombo ni ya Wareno. Tarehe 23 Agosti, 1879, jahazi iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na zaidi ya watu mia nne kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Walikuwa na kigita chao kidogo cha nyuzi nne. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Hawa ndio walioanza kukiunda chombo kile kwa mti wa huko uitwao koa. Mfalme Kalakaua alikipenda akakiingiza katika karamu zake, na kwa muda mfupi wenyeji wakakifanya chao. Wareno hao hao ndio walioijenga Ngome yetu ya Mombasa tangu 1593. Huku walituachia mizinga na maneno kama meza na leso, kule wakaacha kigita.

NYUZI SI SAUTI

Sasa tuingie katika hesabu. Kosa la wengi ni kudhani kuwa nyuzi zikizidi na sauti huzidi kwa kadiri hiyo. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kulijua hili, kwani tuna udi. Mtu aliyewahi kukaa karibu na mpigaji kama marehemu Zein l'Abdin akazihesabu nyuzi, alipata kumi na moja. Lakini sauti za udi ule ni sita tu: jozi tano, na uzi mmoja mnene wa peke yake. Kila jozi hupigwa pamoja kana kwamba ni uzi mmoja. Hata gambusi la kale lililotufikia kutoka Yemen lilikuwa hivyo, nyuzi saba kwa sauti nne.

Ukulele nayo ni vivyo hivyo. Ya nyuzi nne hupangwa kwa sauti ambazo watoto wa shule wanazijua: so, do, mi, la. Ajabu yake ni kwamba ile so, uzi ulio karibu na kidevu cha mpigaji, si nene kama ungalivyotazamia. Iko juu ya do na mi. Hiyo ndiyo inayoipa ukulele ile sauti yake ya kuchekacheka.

Ya nyuzi nane ni ile ile nne, ila kila uzi umepewa mwenzake, na aghalabu mmojawapo huwa juu ya mwenzake kwa ngazi moja kamili, kama sauti ya mtoto inapofuatana na ya baba yake katika wimbo mmoja. Si uzushi wa jana. Zamani watu wa Hawaii walikuwa na ya namna hiyo, kubwa kidogo kuliko ya kawaida, wakiiita taropatch. Ya nyuzi sita nayo ni sauti nne. Nyuzi mbili tu, do na la, ndizo zilizopewa wenza. Vidole vya aliyezoea nne havina haja ya kujifunza jambo jipya katika sita wala nane.

Lakini hapa pana mtego. Iko ala nyingine ya nyuzi sita iitwayo gitalele, ambayo kwa umbo ni kama ukulele kubwa, na madukani hutundikwa pamoja nazo. Hiyo ina sauti sita kamili. Ni gita dogo lililopandishwa sauti, na vidole vyake ni vya gita. Anayeagiza "ya nyuzi sita" bila ya kueleza anaweza kuletewa asiyoijua. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Ina sauti ngapi?"

FAIDA NA GHARAMA

Nyuzi za jozi hunenepesha sauti, hilo ni kweli. Anayeimba peke yake, akapitisha mkono juu ya nyuzi zote kwa mpigo, atasikia kana kwamba ana mwenzake nyuma. Kwa mtu wa namna hiyo, nane ni neema.

Gharama yake ni subira. Vigingi vinane vinataka kukazwa na kulegezwa, na jozi ikipishana hata kidogo, yaungurumia sikio kama nyuki. Pili, ni vigumu kuudonoa uzi mmoja mmoja, kwani kidole hukutana na miwili. Tatu, nyuzi nane huvuta ubao kwa nguvu zaidi, ndipo chombo hujengwa kwa mbao na vipandio imara zaidi ndani. Kwa hiyo usimwendee fundi ukamwambia aitoboe ukulele yako ya nyuzi nne aiongeze vigingi. Atakuondolea uso wake.

Iko njia nyingine ambayo wengi hawaambiwi. Waweza kubaki na nyuzi nne, ukautoa ule uzi wa so ya juu, ukatia so nene, ya chini kwa ngazi nzima. Bei yake ni ya uzi mmoja, na chombo hupata hatua tano za sauti upande wa chini ambazo hakikuwa nazo. Nyimbo zinazoshuka, nazo ndizo nyingi katika hizi zetu, hupata mahali pa kutua. Ila jambo hili halipendezi sana katika ukulele ndogo kabisa, ambayo uzi wake ukipimwa toka kichwani hadi tumboni ni kama sentimita 34. Uzi mnene hulegea pale, ukatoa sauti ya kamba ya kuanikia nguo. Katika ile iitwayo tena, yenye uzi wa sentimita 43 hivi na tumbo kubwa zaidi, so nene hukaa sawasawa.

HEWA YA MACHAKOS

Tusisahau mahali chombo kitakapokaa. Machakos iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,600, na miezi ya kiangazi hewa yake ni kavu. Mbao iliyozoea unyevu wa Mombasa ikipandishwa bara hujikunja, na ikishuka tena hufura. Basi inayonunuliwa pwani isitolewe mfukoni mara moja na kutundikwa ukutani chini ya mabati. Ikae mfukoni mwake, mbali na dirisha na jua, na nyuzi zilegezwe kidogo safarini. Hilo nalo ni la kuhesabu. Jua la mchana na baridi ya asubuhi hubadili sauti za nyuzi, na mwalimu aliye na dakika chache kabla ya kengele ataona tofauti ya vigingi vinne na vinane.

Na kwa habari ya mbao, huko Ukambani kuna mikono. Wamunyu, upande wa njia ya Kitui, ndiko alikotoka Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza akarudi na ufundi wa kuchonga. Wanafunzi wa wanafunzi wake tunawajua Changamwe, ambako ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulianza 1963. Gambusi la zamani lilichongwa katika gogo moja likawambwa ngozi. Ukulele huundwa kwa mbao nyembamba zilizokunjwa, ni kazi ya seremala zaidi kuliko mchongaji. Lakini maseremala wa Madeira nao walianza kwa mti walioukuta. Sioni kwa nini mkono unaoweza kumtoa twiga katika kipande cha mti ushindwe kujifunza.

SOMO LA MAGITA MAWILI

Lakini somo kubwa zaidi la Machakos ni la magita yake. Alipovuma Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, miaka ya 1970 na 1980, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, mwenye sikio alisikia magita ya benga yakisemezana. Moja lapanda juu kama ndege, la pili lakaa chini likishika mwendo. Lau yote mawili yangalipiga jambo moja, pangalikuwa na gita moja lililopigwa na watu wawili. Utamu umo katika jibu.

Hapo ndipo nilipompatia kijana wangu jawabu. Nilimwambia, "Mwanangu, shida yako si uchache wa nyuzi. Una ala moja kwa watoto arubaini. Ukinunua ya nane, ile ndogo itakwenda juu ya kabati, nawe utabaki peke yako na kelele zaidi. Nunua ya nyuzi nne, tena, utie so nene. Ile ndogo mpe mtoto mwenye mkono mwepesi ashike mwendo, nawe ushuke chini uwaongoze kwa wimbo wenyewe. Sauti ni zile zile, so, do, mi, la, hamtapotezana. Mwakani yule mtoto atamfundisha mwenzake." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ya pili si yangu, Ami." Nikamwambia, ndiyo.

Asiye na darasa, anayeimbia barazani kwake usiku na hapendi kudonoa, namwambia achukue nane na awe na subira. Aliyekwisha kuyajua magita, na ataka kile chepesi cha safarini, achukue gitalele. Na asiyejua anataka nini, anunue uzi mmoja mnene ajaribu kwanza, ikiwa chombo chake kina urefu wa kuustahimili.

Nami nimemwandikia ubeti huu, aubandike ndani ya mfuko wa ukulele yake:

Wingi wa nyuzi si hoja, hoja ni mkono wako
Kila uzi una haja, upate sikio lako
Kabla ya cha pili kuja, kimalize kilichoko
Usinunue kelele, nunua jawabu lako.