Mcheza Kwao Hutuzwa: Vazi la Binti Mfalme

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Walakini hawakutuachia maelezo ya namna ya kukutambua huko kwao, hasa kwa mtoto ambaye nyanyake alizaliwa Mombasa, mamake akazaliwa Nairobi, naye mwenyewe akafumbua macho katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako maziwa huganda wakati wa baridi hata watu wakapita juu yake kwa miguu. Swali hilo lilinikabili Oktoba moja nikiwa nimepiga magoti sakafuni, pini nimezibana kwa midomo, namshonea mjukuu wangu vazi la binti mfalme.

Ndugu msomaji, usinicheke. Mimi ni mwalimu mstaafu wa ushonaji. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watoto wa shule kupiga bandi, kupindia na kukunja marinda. Nimeshona sare, magauni ya arusi na majoho ya wahitimu. Hata hivyo, sikuwahi kudhani kuwa mtihani wangu mkubwa katika kazi hii ningetahiniwa na msichana wa miaka saba.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea binti yangu Minneapolis. Nilipofika nilikuta milango ya majirani imepambwa kwa mafuvu ya plastiki, tandabui za pamba na maboga yaliyochongwa macho na meno. Nilimwuliza binti yangu iwapo majirani wale wamefiwa au wamerogwa. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaniarifu kuwa hiyo ni Halloween, na kwamba mjukuu wangu amealikwa kwenye karamu ya jirani usiku wa tarehe 31, ambapo kila mtoto atakwenda amevaa vazi la kuigiza.

Nakiri kuwa moyo wangu ulisita. Wengi wetu huku nyumbani tukisikia jina hilo hukimbilia kusema ni sikukuu ya shetani, tukafunga mjadala. Lakini mwalimu hastaafu kusoma, nami nikatafuta asili ya jambo lenyewe. Zamani za kale Waselti wa Ireland na Uskoti waliadhimisha mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi kwa sherehe iliyoitwa Samhain, wakiamini kuwa usiku huo mizimu hukaribia makazi ya watu. Baadaye Kanisa likaiweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ndio uliozaa jina la Halloween. Waayalandi waliokimbia njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852 waliipeleka desturi hiyo Marekani kwa wingi. Kwao walikuwa wakichonga tanipu. Ugenini wakakuta maboga, ambayo ni makubwa zaidi na mepesi kuchongwa.

Je, hayo ni mageni kwetu kiasi hicho? Wenzetu wa Makunduchi, kisiwani Unguja, huuaga mwaka kwa Mwaka Kogwa: wanaume hupigana kwa vigomba na kibanda huchomwa moto, ili mabaya ya mwaka uliopita yaende zake. Kila umma una siku yake ya kuyacheka yanayoutisha. Isitoshe, kaskazini mwa Minneapolis upo mji uitwao Anoka, ambao mwaka 1920 uliandaa gwaride la Halloween kwa sababu moja tu: vijana walikuwa wamezoea kufungulia ng'ombe wa watu usiku huo na kufanya utundu mwingine, na wazee wakaona ni heri wapewe shughuli. Mimi niliyelea watoto wa shule nilizielewa hekima hizo mara moja.

Basi nikauliza mjukuu wangu anataka kuwa nani. "Binti mfalme," akajibu.

Mamake alitupeleka dukani. Vazi lenyewe lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na nywele bandia za manjano, kwa bei ya dola 35. Niliugeuza mshono wake ndani nje, kama wafanyavyo walimu wa ushonaji bila ya kutaka, nikaona nyuzi zinaning'inia na kitambaa cha poliesta chepesi kama ganda la kitunguu. Nailoni na poliesta zikishika moto huyeyuka na kunata mwilini, na usiku ule huwa na mishumaa ndani ya maboga. Lakini kilichoniuma zaidi ni zile nywele. Tangu filamu ya kwanza ya Disney ya binti mfalme, ile ya Snow White ya mwaka 1937, ilipita miaka 72 kabla kampuni hiyo haijamleta Tiana, binti mfalme wake wa kwanza mweusi, mwaka 2009. Na ajabu ni kwamba mamake Tiana katika filamu hiyo ni mshonaji! Nikaurudisha ule mfuko rafuni, nikatangaza kuwa vazi nitashona mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimekwisha kumchagulia binti mfalme wangu: Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Huyu alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kutoka kwenye msahafu, wakati ambapo wasichana wa jumbani hawakufundishwa kuandika. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Waingereza, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaishi Hamburg, akafiwa na mumewe mwaka 1870, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake. Ipo picha yake iliyopigwa Ujerumani akiwa amevaa mavazi ya kwao: vazi lililopita magoti na suruali yenye marinda miguuni. Nikajisemea, binti mfalme gani atamshinda huyu, aliyekijua Kiswahili?

Kwa siku mbili nilishona suruali ya marinda kwa pamba nyeupe, nikitumia cherehani niliyoazimwa na jirani, mama mmoja Msomali aliyepata kuishi Dadaab na ambaye Kiswahili chake kilinifariji kuliko chai. Nilipomwonyesha mjukuu wangu, aliitazama kwa makini, kisha akasema, "Nyanya, hiyo ni pajama."

Nilikasirika. Nilimweleza habari za Salme, jumba, manowari na kitabu. Alinisikiliza kwa adabu, machozi yakimlengalenga, kisha akaenda chumbani na kufunga mlango. Usiku binti yangu aliniuliza kwa upole, "Mama, ulimwuliza anataka binti mfalme wa namna gani?" Sikuwa na jibu. Mimi, ambaye kwa miaka yote ile niliwaambia wanafunzi kuwa mshonaji asiyemsikiliza mwenye nguo anapoteza kitambaa, nilikuwa nimekata kabla ya kuuliza.

Asubuhi nilimwita. "Haya, mke mwenzangu," nikamtania, "niambie, vazi lako lifanye nini?" Alifikiri kidogo. Hakutaja nywele za manjano wala filamu yoyote. Alisema anataka vazi la rangi ya bluu ambalo yeye akizunguka nalo linazunguka. Basi! Hilo ndilo lililokuwa na uzito moyoni mwake, nami nilikuwa nimelishinda kwa historia nzima ya Unguja.

Tulifungua sanduku langu. Alipita juu ya leso mpya nilizomletea mamake kutoka Barabara ya Biashara, mkono wake ukatua juu ya leso yangu kuukuu ya samawati ambayo hujifunika nikilala. Leso hiyo marehemu mama yangu alinitunza siku nilipojifungua mamake mtoto huyu. Kukata leso ya marehemu si jambo dogo. Niliishika kwa muda mrefu. Mwishowe niliwaza kuwa mama yangu hakunipa leso ile niiweke, bali nijitande kwa ajili ya mtoto, na mtoto alikuwa amesimama mbele yangu.

Nilitwaa futi kamba nikampima, nikimtajia kila kipimo kwa Kiswahili, naye akirudia: bega, kifua, kiuno, kiwiko, kifundo cha mguu. Kiuno sentimita 56, kutoka kiunoni hadi kifundoni 68. Ni mtoto ambaye Kiswahili hukisikia kwa simu tu, lakini mwili wake aliujua wote kwa lugha ya nyanyake kabla sijamaliza kuandika hesabu.

Na hesabu yenyewe ilikuwa tamu. Leso huwa na upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha sentimita 110. Nilikata kila leso ya jozi ile sentimita 70 kutoka ukingo wa chini, nikaziunganisha, nikapata sketi yenye mzingo wa karibu mita tatu. Kwa kuwa ukingo ule hautatuki, pindo la leso likawa ndilo pindo la vazi, bila ya kupindia. Juu nilipitisha mistari miwili ya mishono mirefu, nikaigawa sketi mafungu manne kwa pini ili marinda yasirundikane upande mmoja, kisha nikavuta nyuzi taratibu. Leso mpya ingekataa, kwa kuwa ina wanga mwingi. Ile kuukuu ilikuwa imelainika, ikakubali kukunjwa. Vipande viwili vilivyosalia vikatosha kifua na mikono. Kifuani niliongeza sentimita 9 kwa ajili ya sweta ndani. Mikono niliibana kwa lastiki kwenye viganja, na sketi nikaiachia isifike chini, maana pamba nayo huwaka upesi, na vazi linaloburura hukwaza mtoto gizani.

Alipolijaribu aliona maandishi yanamzunguka miguuni, mara mbili, mbele na nyuma. Akayasoma polepole kwa ulimi wa Kimarekani: Mcheza kwao hutuzwa. Akaniuliza maana yake, nikamweleza. Kisha akauliza, "Na kwao ni wapi?" Nilitaka kujibu upesi kuwa kwao ni Mombasa. Zile pini mdomoni zilinisitiri. Mtoto huyu hajaiona Mombasa. Marafiki zake, lugha ya ndoto zake na kitanda chake viko Minneapolis. Nilizitema pini nikamwambia, "Kwao ni pale wanapokujua." Sijui kama ni jibu sahihi, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Usiku wa karamu kulikuwa na baridi kali. Wenyeji wa pale hawajasahau Halloween ya mwaka 1991, theluji ilipoanza kuanguka tarehe 31 Oktoba na kufikia zaidi ya sentimita 70 kabla ya kukoma. Safari hii haikuanguka theluji, ila upepo ulikuwa wa kukata masikio. Mjukuu wangu alifika mlangoni, akarudi, akanong'ona, "Nyanya, ile pajama iko wapi?" Akaivaa ndani ya sketi, marinda yakachungulia chini ya pindo la leso. Sikusema neno. Salme naye alikwenda karamuni.

Niliwafuata watoto nyumba kwa nyumba nikiwa na tochi. Katika nyumba moja bibi mzee alimsifu, akamwuliza yale maandishi yanasema nini. Nilitega sikio. "Yanasema," akajibu mjukuu wangu, "ukicheza nyumbani kwenu, unapewa kitu." Kisha akaufungua mfuko wake.

Ndugu msomaji, sikusudii kukuhimiza uilete Halloween nyumbani kwako. Tuna sherehe zetu za kutosha. Ninachosema kinawahusu hata walio huku, ambao kila muhula huombwa na shule vazi la tamasha au la siku ya utamaduni, wakakimbilia dukani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sayansi kimu iliwafundisha watoto wengi, wa kike kwa wa kiume, angalau kushona kifungo. Ujuzi huo ungalipo mikononi mwa wengi wetu. Utoeni. Mwulizeni mtoto kwanza anataka nini, kisha mpimeni huku mkizungumza naye kwa lugha yenu. Na wale wenye watoto ng'ambo, wanaolalamika kuwa wajukuu wamepotea, nawaomba wasingoje wajukuu waje kutafuta kwao. Wapelekeeni leso, na mkienda kuwatazama, msisahau mkasi.