Picha Bila Maelezo ni Mali Bila Daftari

Ndugu msikilizaji, alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2016, ardhi ya mkoa wetu wa Kagera ilitikisika. Tetemeko lile, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu, likajeruhi mamia na kubomoa maelfu ya nyumba. Tulihesabu kuta, mabati na matofali. Picha hatukuzihesabu. Katika ukoo wetu tulikuwa na picha moja tu ya babu akiwa amesimama mbele ya msonge wake. Ilikuwa imetundikwa ukutani. Ukuta ulipoanguka picha ilifukiwa, na mvua ikamalizia kazi. Wajukuu waliozaliwa baadaye hawatamwona babu yao.

Siku hizi tunaambiwa dawa ipo: zipakie picha zako katika tovuti. Ushauri huo ni mzuri. Lakini wengi wanapakia bila kujua wanachokifanya, na matokeo yake ni hasara ya namna nyingine. Kwa hiyo leo tuitazame kazi hiyo hatua kwa hatua.

Neno lenyewe, kupakia, sisi wa Kagera tunalifahamu. Ni kama kupakia ndizi melini pale Kemondo ziende Mwanza. Mikungu hupandishwa, husafiri, hushushwa, na mwenyewe huitambua kwa alama yake. Mkungu usio na alama hufika, lakini haujulikani ni wa nani.

Picha nayo husafiri. Ukibonyeza kitufe, simu au kompyuta yako hulikata faili vipande vidogo vidogo na kuvituma kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana kwa ajili ya kuhifadhi tovuti. Huko vipande huunganishwa tena na kuwekwa katika ghala ya tovuti. Programu nyingi za kutengenezea tovuti zina ghala hiyo. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, kwa kawaida hupanga mafaili kwa mwaka na mwezi. Joomla, iliyoanza mwaka 2005, inayo pia. Na jina lake, ndugu msikilizaji, limetokana na neno letu la Kiswahili, jumla.

Faida ya ghala ni kwamba picha ikishapakiwa mara moja, inaweza kutumika katika kurasa kumi bila kupakiwa tena. Lakini kuna tahadhari. Ukiifuta ghalani kwa kudhani unapunguza takataka, kurasa zote kumi zitabaki na pengo.

Sasa tuje kwenye uzito. Picha ya simu yenye pikseli milioni 12, ikiwa kila pikseli hula baiti 3, ingekuwa na megabaiti 36. Simu huibana katika muundo uitwao JPEG, ikabaki megabaiti 3 hadi 5 hivi. Mtandao wa kasi ya megabiti moja kwa sekunde huhitaji sekunde 8 kupeleka megabaiti moja, kwa sababu baiti moja ni biti 8. Basi picha ya megabaiti 4 itachukua sekunde 32, na picha 20 zitapita dakika 10. Na kumbuka kwamba msomaji naye atatumia bando lake kuzifungua. Kwa ukurasa wa kawaida, picha yenye upana wa pikseli 1,600 inatosha, na uzito wake utakuwa mdogo mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, ile picha asili usiitupe. Picha iliyokwisha kubanwa haiwezi kurudishiwa ilichopoteza. Weka nakala yake katika diski au kadi, na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali. Aidha, tumia JPEG kwa picha za kamera, PNG kwa michoro na nembo, na PDF kwa nyaraka kama barua na ripoti.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa, ni alama. Kamera hutoa majina kama IMG_0047, ambayo hayamwambii mtu lolote. Mpe faili jina la maana, kwa herufi ndogo na bila nafasi: msonge-muleba-1974. Kisha ujaze sehemu ya maelezo: ni nani, wapi, lini, na nani alipiga. Maelezo hayo humsaidia pia ndugu yetu asiyeona, kwa maana mashine yake humsomea kwa sauti.

Nalisema hili kwa uchungu. Sisi tuliosoma pamoja tulifungua tovuti tukapakia picha zaidi ya mia tatu. Hakuna aliyeandika maelezo, kwa kuwa kila mmoja alidhani sura zile zinajulikana. Mwenzetu aliyewafahamu walimu wote alifariki. Leo tunazo picha za walimu wasio na majina. Halafu mwaka mmoja tukachelewa kulipia nafasi kwenye seva, tovuti ikafungwa, na waliokuwa wamefuta picha katika simu zao wakabaki mikono mitupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho ni adabu. Picha si yako kwa sababu tu umeipata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyeipiga, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu. Omba ruhusa, hasa picha ikiwa ya mtoto au mgonjwa. Tena simu nyingi huficha ndani ya picha alama za mahali ilipopigwa. Zima huduma hiyo kama hutaki mgeni ajue mlango wa nyumba yako. Lakini picha uliyopiga mwenyewe ya milima yetu, ya ziwa, au ya maeneo ya wahunzi wa kale kule Katuruka, unaweza kuitoa kwa watu wote. Ipo ghala ya umma iitwayo Wikimedia Commons, iliyoanza mwaka 2004, ambayo hupokea picha ambazo mpigaji ameridhia kwamba yeyote azitumie.

Ndugu msikilizaji, Jumapili hii chukua zile picha za sandukuni, ukae na bibi, uwe na kalamu. Anayejua majina ya waliosimama mstari wa nyuma ni bibi, wala si mashine. Muulize kwanza, ndipo upakie.