Kima, Mbu na Migomba

Mkulima wa Kasulu au Kibondo humjua kima kuwa mwizi wa ndizi na mahindi. Ni wachache wafikirio kwamba mwizi huyo aweza kuleta shambani balaa lipitalo hasara ya mkungu mmoja.

Jambo hili lilidhihirika Bwamba, magharibi ya Uganda, katika miaka ya 1940. Alexander Haddow na wenzake, kutoka taasisi ya utafiti wa homa ya manjano iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1936, waliwakamata mbu juu ya majukwaa yaliyojengwa mitini. Wakaona kuwa Aedes africanus huuma zaidi huko juu, mara baada ya jua kutua, kima wakiwa wamekwisha kutulia matawini. Kima wa Afrika kwa kawaida haugui sana: damu yake hubeba virusi kwa siku chache, kisha hupata kinga. Lakini akishuka kuiba ndizi katika siku hizo, huumwa na mbu mwingine, aliyeitwa wakati ule Aedes simpsoni, ambaye huzaliana katika maji yatuamayo pale jani la mgomba lishikanapo na shina. Huyo ndiye amwumaye mkulima mchana.

Nyanda za juu za Kigoma zina migomba, zina misitu, na kima wamo. Wako wasemao tuwaue kima wote. Shauri hilo ni bovu, maana mbu aliyekwisha kuambukizwa hubaki na virusi maisha yake yote. Chanjo ipo, na kwa walio wengi sindano moja hutosha hadi kufa.