Damu ya mwanamke na VVU: Uchache wa virusi si uzima

Swali linalorudi kila mara kwenye ukurasa huu ni hili: je, ni kweli damu ya mwanamke huvihimili VVU kuliko ya mwanaume? Wauza mizizi wamelidaka, wakiwaambia kina mama wenye "damu kali" kwamba ARV si zao.

Ukweli umepindishwa. Mwaka 1998 watafiti wa Baltimore, Marekani, walionyesha kuwa wanawake walikuwa na kama nusu ya virusi walivyokuwa navyo wanaume wenye idadi inayolingana ya CD4, yaani seli za kinga ambazo VVU hushambulia. Hata hivyo, waliingia kwenye UKIMWI kwa kasi ileile. Virusi nusu, ugonjwa uleule. Kwa nini?

Sehemu ya jibu imo kwenye kromosomu X. Hapo pana jeni ya TLR7, kipokezi kinachotambua RNA ya kirusi. Mwanamke ana X mbili, na ingawa moja huzimwa, jeni hii huponyoka katika baadhi ya seli ikaendelea kufanya kazi. Homoni ya estrojeni nayo huchochea. Mwaka 2009 ilionekana kwamba seli za kinga za wanawake zikikutana na VVU hutoa interferoni nyingi kuliko za wanaume. Interferoni huzuia virusi kuzaliana, ndiyo maana huonekana vichache. Lakini hiyohiyo huziamsha seli nyingine za kinga na kuzinyima pumziko. Ni kama sungusungu wanaopiga mbiu usiku kucha: wezi wanapungua, ila kijiji hakilali, na mwisho kinachoka. Uchovu huo huchangia kuiangusha kinga. ARV hupunguza sana mwako huu wa kinga, ingawa haziuzimi wote.

Bado nasikia pia kwamba dolutegravir (DTG), mojawapo ya ARV, "huharibu watoto". Hofu hiyo ilitoka Botswana mwaka 2018, kwa watoto wachache waliozaliwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Uzazi mwingi zaidi ulipofuatiliwa, tofauti na dawa nyingine ilitoweka.

Kwa hiyo anza dawa mara tu unapopimwa na kukutwa na VVU. Pima saratani ya mlango wa kizazi kuanzia miaka 25, kwa kuwa hatari yake kwako ni mara sita ya ile ya mwanamke asiye na VVU. Kama unatumia efavirenzi na kijiti cha uzazi wa mpango, mwambie mhudumu wa kliniki ya VVU (CTC), maana dawa hiyo hudhoofisha kijiti.

Anayekuachisha ARV kwa kisingizio cha damu kali anakufupishia maisha. Usimpe hata shilingi.