UZI: Aliyemeza dawa akitaka kufa apelekwe wapi, kwa polisi ama hospitali?

1/ Afya ya akili ikiguswa tu kwa mdahalo, mtu huuliza: "Kwani mnataka kuhalalisha kujiua?" Makofi yanapigwa, hoja inaishia hapo. Hebu tuipitie polepole.

2/ Sheria kwanza. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni, kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Adhabu ilikuwa hadi miaka 2 jela, faini, ama zote mbili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kukiondoa kabisa kitabuni ni kazi ya Bunge.

3/ Je, hiyo ni kuhalalisha? La. Kumchochea ama kumsaidia mtu ajiue bado ni kosa kubwa chini ya Kifungu cha 225. Kilichoguswa ni kumshtaki aliyenusurika.

4/ Sasa daktari. Mfano ni parasitamoli. Aliyezidisha anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, anaongea, anakula, kumbe ini linaharibika. Dawa ya kuliokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Familia ikikaa kujadili "tukimpeleka si watamshika?", saa zinayoyoma.

5/ Kwa hivyo likitokea kwenu: mpeleke hospitali mara moja, hata akisema yuko sawa. Usimlazimishe kutapika. Usipoteze muda na maziwa. Beba pakiti za dawa na useme alimeza saa ngapi. Usimwache peke yake, na usimgombeze njiani.

6/ "Lakini bila adhabu si watazidi?" Wanaouliza hivi wengi ni wazazi wenye hofu ya kweli, tusiwacheke. Lakini aliyekata tamaa ya kuishi hahesabu miaka ya jela. Anayeogopa pingu ni aliyenusurika na watu wake, na hao ndio tunataka wafike hospitali mapema. Kuthamini uhai hakuhitaji seli.

7/ Kinachozuia ni nini? Uingereza mwaka 1998 ilipunguza idadi ya tembe za parasitamoli kwa pakiti, na vifo vya sumu hiyo vikapungua. Sababu ni kwamba wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita, na kizuizi kidogo humpa mtu nafasi ya kulivuka. Hata nyumbani, fungia dawa, usiweke akiba isiyo na kazi.

8/ Wakija kuomba kura, waulize:
– Katiba, Ibara ya 43(2), inakataza kunyimwa matibabu ya dharura. Hospitali yetu ya kaunti ina asetilisisteini leo?
– Aliyenusurika huonana na mshauri kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ama hupewa bili tu?
– Nani anakagua maduka yanayouza dawa kali bila cheti cha daktari?
– Mheshimiwa, utapiga kura Kifungu cha 226 kifutwe, ndiyo ama hapana?

9/ Na wewe unayesoma ukiwa umelemewa: piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya, ni bure. Ama mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo. Kama tayari umemeza kitu, nenda hospitali sasa hivi. Uzi huu unaweza kungoja.