Lita Moja, Siku Tano za Jasho

Lita moja ya dizeli ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Injini ya trekta hupoteza sehemu kubwa kwa joto. Zinazofika kwenye kazi ni kama 3. Mtu mwenye afya akishinda shambani saa nane hutoa 0.6. Gawanya, upate siku tano za jasho la mtu mmoja. Mafuta yakiadimika, pengo hilo huzibwa kwa miili, ya watu na ya wanyama.

Kuba iliyaona hayo kwa ghafla. Mwaka 1989 iliagiza tani milioni 13 hivi za mafuta, nyingi kutoka Umoja wa Kisovieti uliokuwa ukiinunua sukari yake kwa bei ya kirafiki. Umoja huo ukavunjika, na kufikia 1992 hazikufika nusu. Kati ya 1990 na 1993 pato la taifa lilishuka kwa zaidi ya theluthi.

Matrekta yakalala, maksai wakarudi kwenye plau. Lakini maksai mmoja akilima saa sita hutoa kilowati-saa 2 na kidogo: hajaifikia lita ile. Tena hula hata siku asiyolima. Mjini, serikali iliagiza baiskeli zaidi ya milioni 1 kutoka China, takriban moja kwa kila watu kumi. Havana ikapata “ngamia”, tela la abiria lenye nundu mbili, linalovutwa na kichwa cha lori na kusomba hadi watu 300.

Wapo wanaokisifu kipindi hicho: bustani za mboga zilichipuka katikati ya Havana, watu wakatembea, vifo vya kisukari na moyo vikapungua. Ni kweli, ila sifa hizo hutolewa zaidi na walioshiba. Watu wazima walikonda kwa wastani wa kilo 5 hivi. Mwaka 1992 na 1993 zaidi ya watu 50,000 waliugua neva, wengi neva za macho, na lishe duni ilichangia sana. Mwaka 1994 zaidi ya 30,000 walijitosa baharini kwa vyelezo kuelekea Florida.

Kasi ndiyo iliyoua. Mafuta yangepungua asilimia 4 kwa mwaka, kufika nusu kungechukua miaka 17, muda wa kutosha kujenga reli na kufundisha maksai. Kuba ilipata mitatu.

Mwaka 2000 Venezuela ilikubali kuipatia mapipa 53,000 kwa siku, robo tatu ya lita kwa kila Mkuba. Utegemezi ukahamia Caracas. Oktoba 2024, kwa uhaba wa mafuta na uchakavu wa mitambo, umeme ulizimika Kuba nzima.